Bibi Juu ya Keria

Miaka ile, Jumamosi ya nyumbani kwa akina Chiriku ilianza kwa harufu ya mkate. Baba yake alikuwa mwokaji, na asubuhi hiyo alirudi kutoka kazini nyusi zimejaa unga, mkononi ana mkate wa moto uliofungwa kwenye gazeti. Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, alikunywa chai amesimama huku akitafuta viatu vyake vyeupe chini ya makochi. Bibi, mama yake Baba, alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango na kuwaangalia wote wakihangaika. Yeye alikwisha kuhangaika vya kutosha maishani, alisema, sasa ilikuwa zamu ya wengine.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Jina la shule alikuwa nalo, tena zuri, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia, kwa maana msichana huyu alianza kuongea kabla hajashuka kitandani na hakunyamaza mpaka usingizi umemfunga mdomo. "Ukitaka jambo lako lijulikane mtaa mzima," Bibi alipenda kusema, "usijisumbue kupiga mbiu. Mnong'oneze huyu."

Kazi yake siku ya Jumamosi ilikuwa kufagia ua wa nyuma na kuipangusa pikipiki. Ua wenyewe ulikuwa mdogo, sakafu ya saruji yenye nyufa, kamba moja ya kuanikia nguo, na bomba lililodondosha maji hata likikazwa vipi. Chini ya upenu ndipo ilipokaa pikipiki ya Babu, imefunikwa pazia kuukuu la maua. Chiriku aliliondoa pazia, akapangusa tangi la mafuta, taa na vioo, kisha akaifunika tena vizuri. Haikuwa imetembea tangu Babu alipofariki. Tairi la mbele lilikuwa halina upepo, na gurudumu lake lilikuwa limeanza kukwama kwa kutu. Hata hivyo aliisugua kana kwamba kesho yake ina safari.

Babu alikuwa fundi wa redio. Alizunguka nyumba kwa nyumba na pikipiki hiyo, redio mbovu za watu zimefungwa kwa mpira juu ya keria, ile fremu pana ya chuma iliyokuwa nyuma ya kiti. Aliipenda mno, hata Bibi akaibandika jina la Mke Mwenza. "Nenda kamwogeshe mke mwenzangu," alikuwa akimwambia Babu asubuhi. "Mimi hata kama nimeamka salama hujauliza." Babu alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Mara moja moja ilimpasa Babu kulitoa gurudumu la mbele, kuziba pancha au kupaka grisi, na kazi hiyo aliifanya pale pale uani. Chiriku alikuwa mdogo sana wakati huo. Alikaa kizingitini na kipande cha mkate, akatazama. Babu amechutama, mikono imekuwa myeusi. Pikipiki imepandishwa juu ya stendi yake ya miguu miwili, na gurudumu la mbele liko hewani. Bibi naye amekaa nyuma juu ya keria, ungo wa maharage uko mapajani, miguu inaning'inia, anachambua na kusimulia habari za mtaa. Redio inaimba taratibu. Na Babu kamwe hakugusa nati kabla hajauliza:

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Umekaa kweli?"

"Nimekaa, mpenzi wangu. Fanya kazi yako."

Majirani waliochungulia juu ya ukuta walitabasamu na kusema wazee wale wanapendana. Maneno hayo yakawa mali ya familia nzima. Baba akimvutia Mama kiti mezani alimwuliza, "Umekaa?" na Mama alijibu, "Nimekaa," halafu wote wakacheka. Ilikuwa ndiyo lugha yao ya mapenzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitafutia maana nyingine.

Babu alipofariki, Bibi aliacha kwenda kwenye ua wa nyuma. Chumba chake kilikuwa na dirisha la kutazama uani, akalifunga, na likabaki limefungwa. Baba na Mama hawakukaa chini kupanga, lakini ilieleweka kwamba mbele ya Bibi pikipiki haitajwi, asije akatoneshwa. Hata Chiriku, pamoja na mdomo wake wote, alijua kulipita jambo hilo kimyakimya.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka lilipokuja suala la tangi la maji. Mama alikuwa amechoka kuamka alfajiri na kukuta bomba limekauka, na mahali pa kuliweka tangi palikuwa pamoja tu, pale chini ya upenu.

"Sisemi muitupe," Mama alisema Jumamosi hiyo, akishusha sauti ili Bibi asisikie. "Ikiweza kutoka pale kwa magurudumu yake, itakaa barazani, mimi sina neno. Isipoweza, Jumamosi ijayo yule mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, aondoke nayo."

Chiriku alisikia yote. Mnunuzi wa vyuma chakavu alimjua vizuri. Alipita na mkokoteni akigonga sufuria kwa nyundo, na kitu kilichopanda mkokoteni ule hakikuonekana tena. Chiriku aliifikiria pikipiki imelazwa juu ya mabati na vitanda vilivyovunjika, akaona kama vile Babu mwenyewe anachukuliwa mara ya pili.

"Itatoka kwa magurudumu yake," Baba alisema. "Tena leo hii."

Mama alimtazama. "Wewe? Wewe unayeita fundi kubadilisha balbu?"

"Nimemwona baba akiifanya kazi hii tangu nina meno ya utoto. Yote ninayo kichwani."

Mama akaenda zake kazini, akitikisa kichwa. Bibi alikwenda kujinyoosha chumbani. Baba akakunja mikono ya shati, akamkonyeza Chiriku, wakatoka uani na kifurushi cha spana kilichonuka kutu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Baba alikanyaga stendi ya miguu miwili, akaivuta pikipiki kwa nyuma, nayo ikapanda. Lakini gurudumu lililoinuka lilikuwa la nyuma. La mbele lilibaki limekaa chini, halina habari.

Baba akajikuna kichwa. "Mbona kwa baba ilikuwa inainuka mbele?"

"Labda aliinyanyua kwa mikono," Chiriku akasema.

"Naam! Halafu akaweka kitu chini ya injini."

Kitu kilichokuwa karibu ni kreti la plastiki la kubebea mikate. Chiriku aliuliza kama halitavunjika. Baba akamwambia kreti lile linabeba mikate kutwa nzima bila kulalamika, litashindwaje na pikipiki moja? Akainyanyua pikipiki kwa mbele, mishipa ikamtoka shingoni, na Chiriku akalisukuma kreti chini ya injini kwa mguu. Gurudumu la mbele likaning'inia. Kwa macho tu, ilikuwa kama zamani.

Chiriku akakaa chini, akainyoosha miguu yake chini ya usukani, akalishika gurudumu lisizunguke. Baba akachutama, akageuza kofia kisogoni kama alivyofanya Babu.

"Umekaa?" akauliza.

"Nimekaa!" Chiriku akajibu, na wote wawili wakacheka, kwa maana kwa kitambo kidogo ilikuwa kama mzee amerudi.

Nati ilikuwa imeshika kutu. Baba aliikalia spana kwa uzito wake wote, na kila alipobonyeza, pikipiki iliyumba na kreti likalia.

"Baba, inacheza."

"Inanyoosha viungo. Imelala muda mrefu."

Nati ikaachia. Baba akachomoa ekseli, kile chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu. Gurudumu lenyewe likagoma kutoka. Baba akalishika kwa mikono yote miwili, akalivuta kuelekea kwake.

Pikipiki nzima ikafuata. Stendi ilijikunja, kreti likapasuka, gurudumu likachomoka, na lile lichuma lote likashuka kwa kishindo. Kufumba na kufumbua Baba alikuwa amemsukuma Chiriku kwa bega hadi ukutani, na usukani ukambana yeye kifundo cha mkono juu ya saruji. Pale ilipokuwa miguu ya Chiriku, sasa palikuwa na vile vyuma viwili vya mbele vinavyoshika gurudumu, vimechimba sakafu.

Bomba liliendelea kudondosha maji. Dirisha la Bibi lilifunguka kidogo, likafungwa tena.

"Umeumia?" Baba akauliza.

"Hapana. Wewe?"

"Mimi sijambo." Mkono wake ulikuwa umeanza kuvimba. Aliutazama. "Mwanangu, mama yako tusimwambie. Atashtuka bure."

Jioni Mama aliporudi alimkuta Baba anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Akamwuliza wa kulia una nini. Baba akasema unga wa leo ulikuwa mgumu kukanda. Mama hakubishana naye. Alimgeukia tu Chiriku, akamtazama. Chiriku alijitahidi kwa muda wa kuvua kiatu kimoja, halafu yote yakamwagika, kreti, nati, stendi, na miguu yake ilipokuwa.

Mama alikaa chini. Aliishika miguu ya mwanawe, mmoja baada ya mwingine, akaibonyeza taratibu kama anavyofanya kwa wagonjwa, ingawa aliona wazi kwamba ni mizima.

"Nimewafunga bandeji watu walioangukiwa na pikipiki zilizosimama," alisema. "Sizungumzii zinazokimbia. Zilizosimama! Jumamosi ijayo inaondoka, na nisisikie neno." Kisha akauchukua mkono wa Baba na kuukanda kwa maji baridi, na machozi yakamtoka huku anamkaripia.

Wiki ile ilikuwa ya uchungu. Baba hakuweza kukanda unga, akapewa kazi ya kupanga mikate kwenye rafu, na alirudi nyumbani mnyonge. Pikipiki ilikuwa imeinuliwa na kuegemezwa ukutani, gurudumu lake la mbele limelala pembeni. Chiriku aliipita kila asubuhi akienda shuleni, na kila alipoipita aliangalia chini.

Hatimaye akashindwa kuvumilia. Siku moja baada ya shule alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi, akasimama mlangoni, akasema lile lisilosemwa.

"Bibi, mke mwenzako anauzwa."

Bibi alikuwa anakunja nguo. "Nimesikia. Nyumba hii kuta zake ni nyembamba."

"Baba alifanya kila kitu kama Babu, lakini ikaanguka. Babu aliwezaje peke yake?"

"Peke yake?" Bibi akageuka. "Nani kakwambia alikuwa peke yake?"

"Si alikuwa peke yake? Wewe ulikuwa umekaa tu juu ya keria, unachambua maharage."

Bibi alimkodolea macho mjukuu wake. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa kitandani, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa shati alilokuwa anakunja.

"Nimekaa tu! Jamani, jamani! Yaani miaka yote hiyo mlidhani nilipanda kule juu kupunga upepo?"

Akamshika Chiriku mkono, wakatoka hadi kwenye benchi la barazani, ambalo miguu yake ilikuwa karibu karibu, katikati. Akamwambia akae kwenye ncha kabisa. Chiriku alipokaa, ncha ile ikashuka na ya upande wa pili ikainuka juu.

"Umeona?" Bibi akasema. "Stendi iko katikati ya pikipiki, kama miguu ya hili benchi. Keria iko nyuma. Mimi nikikaa, nyuma inashuka, mbele inapanda, na stendi haijikunji kwa sababu nimeikandamiza. Mimi ndiye niliyekuwa mzigo, mjukuu wangu. Maharage nilichambua ili muda usipotee."

"Kwa hiyo Babu alipokuwa anauliza umekaa..."

"Alikuwa anauliza kama mzigo upo, kabla hajaweka mikono yake chini."

"Na ile ya umekaa kweli?"

"Hiyo ilianza siku nilipoteremka kumfukuza kuku aliyeingia jikoni. Kazi ilikuwa inaendelea, mimi nikajisahau. Pikipiki ikashuka, ikamkosakosa vidole. Tangu siku hiyo aliuliza mara mbili, na mimi sikuteremka bila ruhusa hata nyumba ingeungua."

Kicheko kikamwisha Bibi usoni.

"Siku ile nilimsikia baba yako akiuliza. Nikasikia sauti ya mtoto inajibu kutoka chini, mbele, si kutoka nyuma. Nikainuka kitandani. Kabla sijafika dirishani ilikwisha anguka. Tangu hapo silali, Chiriku. Nilijua jambo ambalo lingewakinga, nikajifungia nalo humu ndani pamoja na majonzi yangu. Miguu yako ingeondoka kwa sababu ya kimya changu."

Chiriku akamkumbatia. Bibi alinukia sabuni ya unga.

Jumamosi ilipofika, Bibi alitoka kwenda kwenye ua wa nyuma. Alitembea polepole, nyonga ikimsumbua, na kiti chake kikabebwa na Chiriku nyuma yake. Baba alikuwa anakusanya spana azifungie. Mama alikuwa anaangalia mlangoni kama mnunuzi wa vyuma amefika. Wote wawili wakasimama pale walipo.

"Lirudisheni hilo gurudumu mahali pake," Bibi alisema, "halafu tuanze upya. Safari hii kwa mpango."

"Mama, nakuheshimu," Mama alisema, "lakini pikipiki hii ilitaka kunivunjia mtoto."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimetoka. Wewe kabla hujamchoma mtu sindano unafanya nini?"

"Naangalia kwanza dawa ni ipi."

"Basi na hapa tuangalie kwanza. Ukiona haikuridhishi, mimi mwenyewe nitaisukuma mpaka kwenye mkokoteni."

Mama alikunja mikono kifuani, akaegemea mlango. Haikuwa ndiyo, lakini haikuwa hapana.

Kwa kuwa mkono wa Baba ulikuwa bado mbovu, jirani aliyekuwa seremala aliitwa aje kusaidia kuinua, akaja na vipande vya mbao nene mabegani. Gurudumu likarudishwa, ekseli ikapita, nati ikakazwa, na Bibi akawasimamisha hapo hapo. Nati ngumu, alisema, inakazwa na kulegezwa gurudumu likiwa bado chini. Watu huipandisha kwanza pikipiki ndipo waanze kuhangaika na nati, halafu wanashangaa kwa nini inayumba. Baba aliinamisha uso, kwa maana hilo lilimhusu. Akailegeza nati kidogo, pikipiki ikiwa imara juu ya ardhi.

Ndipo ikapandishwa kwenye stendi. Bibi akaamuru miguu ya stendi ifungwe kamba kwenye fremu ili isiweze kujikunja hata ikivutwa mbele.

"Sasa mama, tukusaidie upande," Baba akasema, akimwandalia mkono.

"Nipande na nyonga hii? Hapana. Tena hata ningekuwa kijana, nisingependekeza. Mtu hupiga chafya, mtu huitwa mlangoni, mtu humwona kuku. Jazeni gunia mchanga."

Gunia tupu la unga lilikuwapo. Chiriku na seremala walilijaza mchanga kutoka kwenye ujenzi wa jirani, wakalifunga barabara juu ya keria kwa mipira ile ile iliyobeba redio za watu. Nyuma ya pikipiki ikashuka taratibu, gurudumu la mbele likaondoka ardhini, bila mtu kutokwa na mshipa. Wakaliwekea gurudumu la nyuma matofali, moja mbele, moja nyuma. Chini ya injini wakapanga mbao nene, moja juu ya nyingine, mpaka zikaikaribia.

"Hazijaigusa, Bibi," Chiriku akasema.

"Zimekaa hivyo makusudi. Zile hazikuwekwa kuinua. Zimewekwa kwa ajili ya siku mambo yakiharibika, iangukie mbao, isiangukie mtu. Babu yako hakuacha kuziweka hata siku moja, pamoja na uzito wangu wote." Kisha akamgeukia Mama. "Haya, muuguzi. Isukume."

"Niisukume?"

"Kushoto, kulia, mbele, nyuma. Isukume kama una hasira nayo."

"Hasira ninazo," Mama akasema, na akaisukuma kweli. Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa bega, kiatu kikamvuka. Pikipiki haikutikisika. Mama akapumua, akavaa kiatu chake, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Sasa ndiyo fungueni," Bibi akasema. "Na wewe Chiriku simama ubavuni. Mkono unaweza kuingia kazini, lakini miguu na kichwa visikae mahali ambapo kitu kinaweza kudondokea."

Mlio wa nyundo juu ya sufuria ulisikika wakati Baba anachomoa ekseli. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliingiza kichwa mlangoni, akauliza mzigo uko wapi. Kila mtu alimtazama Mama.

"Leo hatuna mzigo," Mama alisema. "Labda hilo kreti lililopasuka."

"Hilo plastiki, dada. Mimi nanunua vyuma."

"Basi hatuna kabisa. Pita salama."

Gurudumu likatoka. Tyubu ikazibwa kiraka, kutu ikasuguliwa, grisi ikapakwa, na Chiriku, akiwa amesimama ubavuni kama alivyoambiwa, ndiye aliyeizungusha nati mara ya kwanza kwa vidole. Walipomaliza, waliondoa mbao, wakafungua kamba na mipira, wakaishusha polepole, ndipo nati ikakazwa. Baba akashika usukani kwa mkono wake mzima, seremala akashika upande wa pili, na pikipiki ya Babu ikatoka chini ya upenu kwa magurudumu yake mawili, ikilalamika kidogo, mpaka barazani. Mama aliifuata na kitambaa, akapangusa alama za mikono.

Wakakaa kunywa chai. Baba alikuwa anamtazama mama yake.

"Mama, mimi ni mtu mzima, na nilimkalisha mwanangu chini ya kitu ambacho sikujua kinashikwa na nini. Nilimwona baba kwa macho tu. Sikuwahi kumwuliza."

"Ulipaswa kuuliza," Bibi alisema. "Nami nilipaswa kusema. Sikiliza, Chiriku, maana wewe ndiye utakayekumbuka zaidi yetu. Kitu kizito usikiamini kwa kuwa kimesimama. Jua kwanza kinashikwa na nini, kitikise kabla hujakigusa, na ukiona kinacheza, acha kazi, hata kama anayekuhimiza ni baba yako. Ukiwa hujui, uliza. Na anayejua aseme mapema, asingoje aulizwe, hata kama kusema kunamuumiza."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akilitazama lile gunia la mchanga, limekaa pale sakafuni, limejaa na zito, na swali likamjia.

"Bibi, mbona Babu hakutumia gunia? Mchanga hakuwa nao?"

Bibi alikiweka kikombe chini.

"Alikuwa nao. Gunia lake lilikaa kando ya bomba miaka yote. Siku nikiwa nimesafiri, alilitumia hilo, na kazi ilikwenda vizuri tu. Nami niligundua hilo nikiwa nimeshazeeka kwa kupanda na kushuka. Nikamwuliza kwa hasira, kumbe mchanga upo, mimi unanipandishia nini kule juu?"

"Akasemaje?"

"Akasema, mchanga nikiuuliza umekaa, haunijibu."

Bibi alicheka kidogo, kisha akalia, na Mama akasogeza kiti chake akamshika mkono. Walikaa hivyo barazani mpaka chai ikapoa.